Tuta Lililonyooka

Siku Mama Cherehani alipong'oa mchicha wote wa marehemu mumewe na kuyaacha magugu, Dereva alikuwa amesimama kwenye kipande cha jirani, kopo la kumwagilia mkononi. Aliona kila kitu, na hakusema neno.

Si kwamba hakutaka. Mdomo aliufungua. Lakini yule mama alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, kitambaa cha kichwa kimemwendea upande, anafanya kazi kama mtu anayeandaa nyumba kwa ajili ya wageni. Na kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, ule wimbo wake wa kufuatisha cherehani. Mtu wa namna hiyo unamkatizaje? Dereva akaufunga mdomo, akarudia kumwagilia nyanya alizokwisha kuzimwagilia.

Bustani yenyewe ilikuwa nyuma ya tangi la maji, uwanja mmoja uliozungushiwa waya na kugawanywa vipande vidogo vidogo, kila kipande na mwenyewe. Watu wa majumba ya karibu wasio na ua walikuja hapo kulima mboga zao. Foleni ya waliosubiri kupewa kipande ilikuwa ndefu, na baadhi yao walipita nje ya waya jioni wakichungulia kama watu wanaotafuta chumba cha kupanga. Kwa sababu hiyo palikuwa na sheria moja isiyo na mchezo. Siku ya ukaguzi, kila kipande kiwe na angalau tuta moja zima la chakula, lisilo na pengo hata moja. Asiye na tuta, kipande chake kinakwenda kwa anayefuata kwenye foleni.

Mume wa Mama Cherehani watu walimwita Posta, kwa kuwa alisambaza barua mpaka alipostaafu. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, na mkulima wa ovyo. Mbegu alizirusha kama anayelisha kuku, kisha akaenda kukaa kwenye debe lake kusubiri. Kilichoota kiliota popote kilipotaka. Mkewe hakuwahi kukanyaga bustanini mumewe akiwa hai. Yeye alikuwa mtu wa ndani, wa cherehani yake pale dirishani, na magauni na sare na mapazia ya watu. Sasa mume hayupo, na kitu pekee alichoacha ambacho bado kinapumua ni kile kipande.

"Shemeji," alimwita Dereva siku hiyo, akijifuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Hebu njoo uone. Miaka yote namsema mume wangu kwamba hana mpangilio. Kumbe alipanda kwa mstari. Ni uchafu tu ulikuwa umemfunika."

Dereva akasogea. Kipande kizima kilikuwa kimebaki cheupe kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi, isipokuwa katikati, ambapo mimea ya kijani ilisimama imenyooka kama pindo la suruali mpya. Ilikuwa lile gugu linalotoa maua madogo, halafu vijisindano vyeusi, vile vinavyong'ang'ania nguo ya kila anayepita. Dereva alikuwa amepigana na gugu lile tangu alipopewa kipande chake.

"Umenyooka kweli," akasema.

"Si unaona? Mkono wa mtu huo."

Mtu aliyeshona maisha yake yote, akiona kitu kimenyooka, hujua kuna aliyekikusudia. Hilo ndilo lililomponza Mama Cherehani. Na mchicha wa watu, uliokosea kwa kuota hovyo hovyo tu, ulilala umerundikwa kando ya njia. Kinyozi, mwenye kipande cha tatu, aliubeba wote kwa wema, akasema anakwenda kuutupa. Wiki ile nzima nyumbani kwa Kinyozi walikula mchicha.

"Lazima aambiwe," alisema Kinyozi walipokutana bombani.

"Mwambie."

"Mimi? Wewe ndiye jirani yake. Mimi nimepakana naye kwa pembe tu."

"Wewe ndiye unayeongea na watu kutwa, wembe shingoni mwao."

"Ndiyo maana, mzee. Wembe ukiwa shingoni mtu habishi. Huyu hana wembe shingoni."

Basi ikabaki kwa Dereva. Alikuwa ameendesha mabasi makubwa tangu ujana mpaka mvi, na hakuna kona iliyowahi kumshinda, lakini hii ilimshinda. Asubuhi ya kwanza alienda akasafisha koo, Mama Cherehani akamwambia, "Shemeji, mimi kila nikifika naisalimia kwanza. Usinicheke." Dereva akasema hachekwi mtu hapa, akarudi kwake. Asubuhi iliyofuata alifika mpaka kwenye neno "Shemeji, haya majani", naye akamjibu kwamba anajua, yanahitaji kupunguzwa, na kesho yake angeyapunguza.

Akayapunguza kweli. Jioni alibisha mlango kwa Dereva na bakuli lililofunikwa kitambaa chenye kingo zilizodariziwa.

"Mavuno ya kwanza," akasema. "Nikaona nisile peke yangu."

Sasa, mke wa Dereva alikuwa mkulima kumshinda mumewe, ingawa hakuwa na kipande. Yeye alilima barazani kwake, kwenye ndoo za rangi, masufuria yaliyotoboka, na beseni moja ambalo mtoto wao wa mwisho aliogeshewa. Pilipili, nyanya, vitunguu, vyote vilimtii. Alifunua lile bakuli, akatazama ndani, akamtazama mumewe, akalifunika tena taratibu kama anayefunika mgonjwa.

"Karibu ukae, dada," akasema. "Umeyapika na nini?"

"Kitunguu na chumvi. Nimeyachemsha nikamwaga maji, nikachemsha tena. Yana uchungu kidogo."

"Uchungu ni dawa," akasema Dereva.

"Dawa kabisa," mkewe akasema, akimeza.

Wakala. Majani yale yakiwa machanga si sumu, na watu wameyala tangu zamani walipokosa kingine, ila yanataka moyo. Mama Cherehani alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mikono mapajani, akimwangalia Dereva kila alipopeleka mkono mdomoni, macho yake yakiwa na tumaini hata ikawa haya kumkatalia. Dereva akaona lazima mtu aseme neno, na neno lililomtoka likawa, "Niongezeeni kidogo."

Mgeni alipoondoka, mkewe alikusanya vyombo bila kumwangalia.

"Nimekupikia tangu tuoane," alisema, "sijawahi kusikia unaomba kuongezwa."

"Ningefanyaje? Alikuwa ananitazama."

"Ungemwambia."

"Si ungemwambia wewe?"

"Mimi sina kipande. Mimi nina ndoo." Akafungua kabati. "Na kakuachia ya asubuhi."

Mambo yangeweza kuendelea hivyo, Dereva akila magugu kimyakimya mpaka uzee ummalize, kama si Mwenyekiti wa bustani kutangaza ukaguzi. Mwenyekiti alikuwa muuguzi mstaafu, na hata bustanini alitembea kama aliye kati ya vitanda viwili vya wagonjwa. Alimkamata Dereva getini.

"Yule dada hapo jirani yako, ana nini pale?"

"Ana mstari, mama."

"Mstari wa nini?"

"Bado mdogo kutambulika."

Mwenyekiti alimtazama kama anayesoma kipimajoto. "Ukaguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Watu wa foleni wananiandama kila siku. Nikimwachia mmoja, kesho wote wataniletea vilio. Unanielewa? Pawe na tuta zima, la chakula, bila pengo. Sitaki mtu aje kulia mbele yangu, maana na mimi nitalia, halafu itakuwa aibu."

Usiku ule Dereva hakupata usingizi mzuri. Ilipokaribia alfajiri ndipo akakumbuka kazi yake ya zamani. Basi likipata pancha abiria wakiwa wamelala, dereva mwenye busara hawaamshi. Anashuka polepole, anabadilisha tairi, anapanda, safari inaendelea, na asubuhi abiria wanamsifu kwamba njia ilikuwa nzuri.

Kulipopambazuka alikuwa tayari bustanini na miche ya spinachi kutoka kitaluni kwake. Aling'oa gugu la kwanza kwenye tuta, akapanda spinachi pale pale, akashindilia udongo kwa kidole gumba. Akalificha gugu ndani ya shati na kwenda zake.

Mama Cherehani alipofika alisalimia tuta lake, kisha akasimama.

"Shemeji, huyu wa kwanza amebadilika sura."

"Mimea ikikua hubadilika," alisema Dereva, akiinamia nyanya zake.

"Kama watoto."

"Kama watoto hasa."

Kesho yake alibadilisha wa pili na wa tatu. Keshokutwa yake alikuta mtu amemtangulia. Kwenye nafasi ya nne ulisimama mche wa bilinganya, ambao si yeye aliyeupanda. Akajibanza nyuma ya tangi. Haikupita muda, Kinyozi akaja akinyata, kitunguu kimoja kikubwa mkononi, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akainama.

"Wewe," akasema Dereva.

Kinyozi akakaa chini kwa kishindo. "Mzee, utaniua. Nimekuona jana, nikasema huyu spinachi zake hazitatosha." Akakifukia kitunguu haraka haraka bila kukiangalia. "Halafu nadaiwa. Ule mchicha niliubeba mimi."

Wakakaa kidogo kwenye ukingo wa tuta, wakiyatazama magugu yaliyobaki.

"Lakini hebu niambie," akasema Kinyozi. "Magugu huwa yanaota kwa mstari tangu lini?"

Na hapo Dereva akakumbuka. Akamwona Posta vilevile alivyokuwa, jioni, akitoka bombani, suruali imejaa vijisindano tangu magotini hadi kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa akitembea kando ya mfereji uliopita katikati ya kipande chake kuelekea kwenye debe lake, polepole, huku ameinama, anavichomoa kimoja kimoja na kuvidondosha. Kila jioni njia ile ile. Vingine vikamshinda, akaenda navyo nyumbani.

"Alipanda mwenyewe," akasema Dereva. "Shemeji hakukosea. Ni mkono wa mtu."

Kinyozi alivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena.

Kuanzia hapo lile tuta likawa na mambo. Miche ya Dereva ikabaki mmoja tu, akauweka akiba, akachomoa nyanya mbili barazani kwake mkewe akiwa bafuni, akakamatwa mlangoni na udongo mikononi. Mkewe alimsema mpaka akasahau alikuwa anasema nini, kisha akamuuliza anazipeleka wapi. Dereva akamweleza. Mkewe akamnyang'anya zile mbili, akazirudisha kwenye ndoo, akamletea nyingine zilizonenepa zaidi. "Zile zilikuwa na kutu," akasema. "Unataka kuniaibisha?" Akaongeza na pilipili, iliyokwisha kutoa ua.

Wenye vipande vya mbali nao walinusa jambo. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Kila kukicha tuta lilikuwa na mgeni mpya, mara kabichi, mara karoti, mara bamia. Na siku moja ikaonekana bitiruti, nyekundu ya shina, imepandwa kwa unadhifu mno, majani yamepanguswa. Dereva na Kinyozi wakaiangalia, wakajifanya hawaijui. Bustani nzima ni mtu mmoja tu aliyelima bitiruti, na mtu huyo walikuwa wakimwogopa.

Mama Cherehani alipokea kila badiliko kwa utulivu.

"Shemeji, yule wa kati amekuwa kabichi."

"Mimea bwana."

"Na jana alifanana na dada yake huyu hapa."

"Ni mbolea."

"Nikajua tu ni mbolea," alisema, akachukua kopo lake.

Hata alfajiri ya siku ya ukaguzi tuta lilikuwa limekamilika, isipokuwa nafasi ya mwisho. Palibaki gugu moja, limerefuka, na vijisindano vyake vimeiva. Dereva alikuja na mche mmoja wa spinachi, wa mwisho kabisa, ameufunga kwenye karatasi yenye maji. Akamkuta Mama Cherehani amekwisha kufika. Amekaa juu ya debe la mumewe, pembeni ya lile gugu, amevaa gauni la kutokea.

"Leo nimewahi, shemeji," akasema.

"Naona."

"Umebeba nini?"

"Mboga ya nyumbani," akasema Dereva, akauficha mche nyuma ya mgongo. Akasimama pale mguu mmoja huku mmoja kule, akisubiri anyanyuke hata aende bombani. Hakunyanyuka. Jua likapanda, wenye vipande wakaanza kuingia, mke wa Dereva naye akaja kuangalia hali za nyanya zake, na watu wa foleni wakajipanga nje ya waya. Mche ukamnyaukia mkononi.

Mwenyekiti alipita kipande kwa kipande. Alipofika kwa Mama Cherehani alisimama mwanzo wa tuta, na bustani nzima ikaacha kufanya ilichokuwa ikijifanya inafanya.

"Dada, umepanda nini?"

"Vingi, mama. Vimejipanga vyenyewe."

Mwenyekiti akaanza kutembea. "Spinachi. Spinachi. Spinachi. Bilinganya. Kitunguu. Nyanya. Nyanya." Kila mmea alioutaja, kulikuwa na mtu mahali fulani aliyenyoosha mgongo. "Pilipili, nzuri hii." Mke wa Dereva akatazama pembeni. "Kabichi. Karoti. Bamia." Alipofika kwenye bitiruti hakutaja kitu, akairuka haraka.

"Mama, hiyo nyekundu hukuitaja," akasema Kinyozi.

"Nimeiona."

"Ni nini hiyo? Sisi wengine hatuijui."

"Nimesema nimeiona, Kinyozi."

Akafika mwisho wa tuta. Hapo akasimama sana. Gugu lilikuwa limemfikia kiunoni.

"Na hili?"

Nje ya waya mtu mmoja wa foleni akasema kwa sauti ya kusikika, "Hilo ni pengo." Mwingine akasema, "Hilo si chakula, hilo kila mtu analijua." Mwenyekiti akafumba macho kidogo, kama zamani alipolazimika kuwaambia ndugu wa mgonjwa habari wasiyoitaka.

"Dada yangu," akasema, "sheria inasema chakula, mwanzo mpaka mwisho. Mimi siwezi—"

"Ni chakula," akasema Mama Cherehani. "Muulize shemeji yangu. Amekula."

Watu wote wakamgeukia Dereva. Alikuwa ameshika mche wake ulionyauka, na hapakuwa tena na mahali pa kuuficha. Akaona lile debe, akaona gauni la kutokea lilivyonyoshwa pasi. Akafikiria uchungu ule, na namna ulivyokaa kwenye ulimi mpaka siku ya pili yake. Akaweka gia.

"Nimekula," akasema.

"Haya unayoyaona hapa?" akauliza Mwenyekiti.

"Haya haya. Na kitunguu na chumvi."

"Ukashiba?"

"Niliomba kuongezwa."

"Aliongezwa," akasema mkewe. "Na asubuhi akala tena. Nilikuwepo."

Kinyozi akainua mkono akasema kwamba hata yeye amesikia sifa zake. Mwenyekiti akamtazama Dereva kwa muda, kisha akautazama ule waya na watu waliokuwa nyuma yake.

"Kama limeliwa na mtu mzima mwenye akili zake, mbele ya shahidi, akaomba kuongezwa," akasema, "basi ni chakula. Tuta ni zima. Anayetaka kubishana aje kwanza apewe bakuli."

Hakuja mtu.

Mwenyekiti alipogeuka kwenda kipande kinachofuata, sketi yake ililigusa lile gugu, na upande wote wa chini ukajaa vijisindano. "Ngoja, mama," akasema Mama Cherehani. Akapiga magoti, akamshika pindo, akaanza kuvichomoa kimoja kimoja kwa vidole vyepesi vilivyoizoea kazi hiyo. Hakuvitupa njiani. Alikuwa anavidondosha kwenye mfereji, polepole, kwa mstari.

Dereva akasogea karibu. "Shemeji," akasema, na safari hii alikuwa amedhamiria hasa. "Hivyo unavyodondosha, hivyo ni—"

"Najua ni nini, shemeji." Hakuinua kichwa. "Nimevichomoa kwenye suruali za mume wangu tangu nilipoolewa. Kila jioni, kabla sijamruhusu akae kwenye kiti. Lilipotoka ua la kwanza tu, nikajua."

Dereva akahesabu nyuma. Ua la kwanza lilitoka kabla ya spinachi ya kwanza. "Sasa mbona hukusema?"

"Nilitaka kusema. Asubuhi ile ile nilikuja kusema, nikakuta mmoja amebadilishwa. Nikaona alama ya kidole gumba kwenye udongo. Yako ni pana, inajulikana." Akachomoa kijisindano kingine. "Keshokutwa yake mwingine, kwa mkono mwingine. Wa mtu anayepigapiga kama anashindilia sindano kwenye kitambaa. Kisha mwingine, amefungiwa kijiti kwa fundo la hospitali. Nikasema kimoyomoyo, hawa watu wana furaha hivi, mimi ni nani nije kuwaharibia?"

Mwenyekiti, ambaye hakuweza kusogea kwa sababu pindo lake lilikuwa limeshikwa, aliangalia tangi la maji kwa makini sana.

"Nilitaka mmoja tu abaki," akasema Mama Cherehani. "Mmoja wa kwake." Akamaliza, akakung'uta mikono, na Dereva akamsaidia kusimama. Alilitazama tuta mwanzo hadi mwisho, kwa jicho la fundi anayekagua kazi za wanafunzi kabla mwenye nguo hajafika.

"Ila nina swali moja," akasema, "na sitaki mtu akasirike. Nani alipanda kitunguu kichwa chini?"

Kinyozi akavua kofia yake, akaitazama kwa ndani, kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Nimekigeuza," akasema Mama Cherehani. "Kinaendelea vizuri."